Nilisoma PCB na nataka udaktari Marekani: nichukue kalkulasi ipi?

"Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 20. Nilimaliza kidato cha sita nyumbani Tanzania, kombi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia). Sayansi zote tatu nilifanya vizuri, ila BAM, ile hisabati ya nyongeza, nikaambulia D. Sasa niko Minnesota na mama, tuna ukaazi wa kudumu, na mwisho wa Agosti naanza mwaka wa kwanza kwenye chuo cha jimbo. Nataka kuwa daktari. Kwenye fomu nimejaza Biolojia lakini moyo unavutwa na Biokemia. Chuoni kuna kalkulasi za aina tatu: ile kuu wanayosoma mainjinia, moja ya sayansi za uhai, na moja fupi ambayo wengi wanaoisoma ni watu wa biashara. Mtihani wa kupangiwa darasa umenitupa Prekalkulasi, kozi ya maandalizi kabla ya kalkulasi, nimepungukiwa pointi tatu tu. Binamu yangu injinia anasema nikichukua isiyo ya mainjinia, vyuo vya udaktari vitaniona mvivu. Mama anaona Prekalkulasi ni kurudishwa darasa. Mshauri wa chuo nilikaa naye dakika kumi, akaniambia zote zinahesabika. Nafanya kazi usiku kwenye nyumba ya kulea wazee, saa 24 kwa wiki. Nichukue ipi?"

Marahaba, mwanangu. Swali lako moja lina maswali mawili ndani yake, na yamekukwamisha kwa sababu umeyasokota pamoja. Binamu na mama wanabishania kozi ipi ina heshima. Wewe unachotakiwa kujua ni kozi ipi inafungua mlango unaoutaka, na kama miguu yako ina nguvu za kufika mlangoni. Heshima nitaimaliza haraka, maana haina uzito unaopewa.

Nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate. Kwa ulivyojieleza, ningekushauri uanze na Prekalkulasi muhula huu bila kuona aibu. Januari, kama Biokemia bado inakuita, ingia ile kalkulasi kuu. Kama umetulia kwenye Biolojia, chukua ya sayansi za uhai, kisha uongeze kozi nzuri ya takwimu. Ile fupi iache. Siidharau, ila kwa mtu ambaye hajajua atasomea nini ndiyo inayofunga milango mingi kuliko zote.

Sasa tuanze na binamu. Nampa haki yake: kwake yeye kalkulasi kuu ilikuwa lazima, na bila hiyo asingekuwa injinia. Lakini hajawahi kuomba chuo cha udaktari. Hakuna sharti moja la hisabati kwa vyuo vyote vya udaktari vya Marekani. Vingine vinataka mwaka mzima wa hisabati, vingine vinapokea takwimu mahali pa kalkulasi, vingine vinaipendekeza tu, na vipo visivyotaja kozi yoyote ila vinasema mwombaji awe na uwezo wa kutumia namba. Jumuiya ya vyuo hivyo, AAMC, ina hifadhidata inayoitwa MSAR ambamo kila chuo kimeandika masharti yake. Chukua vyuo kumi unavyoviwazia, soma mstari wa hisabati wa kila kimoja. Ni kazi ya jioni moja, na baada ya hapo hutayumbishwa tena na mtu yeyote mezani.

Halafu kuna MCAT, mtihani wa kuingilia. Watu wengi kutoka kwetu wanaamini umejaa kalkulasi. Haimo. Mtihani una sehemu nne: ya kemia na fizikia, ya usomaji wa kina, ya biolojia na biokemia, na ya saikolojia na jamii. Hisabati yake ni aljebra, uwiano, logarithimu, trigonometria kidogo na kusoma grafu. Na hauruhusu kikokotoo. Mtu anayejua kwa haraka kwamba 0.9 mara nne kwa yenyewe ni kama 0.66 yuko mbali zaidi ya anayejua intigresheni ngumu lakini hawezi kuzidisha bila mashine.

Ngoja niitumie namba hiyo hiyo. Mtiririko wa damu kwenye mshipa, kwa kanuni ya Poiseuille, unafuata kipeo cha nne cha nusu-kipenyo. Mshipa ukisinyaa kwa asilimia 10 tu, mtiririko unashuka karibu asilimia 34. Ukisinyaa nusu, unabaki sehemu moja ya kumi na sita. Kanuni hiyo hupatikana kwa intigresheni, lakini kuitumia kwenye mtihani, na hata wodini, kunahitaji vipeo tu, hesabu ya sekondari.

Utauliza basi, kalkulasi ya nini? Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu ukiona inafanya kazi gani utajua mwenyewe kwa nini kozi hizi tatu hazifanani.

Uko zamu ya usiku. Tuseme saa nne usiku unakunywa kikombe cha kahawa chenye miligramu 100 hivi za kafeini. Kwa mtu mzima mwenye afya, nusu-uhai ya kafeini, yaani muda wa kiasi chake kupungua nusu, ni kama saa tano. Kwa hiyo saa tisa usiku zimebaki 50. Saa mbili asubuhi, wakati unavua viatu ulale, zimebaki 25. Robo ya kikombe bado iko damuni, ndiyo maana unageukageuka kitandani.

Angalia sasa kasi yenyewe. Mwanzoni, mwili unaondoa karibu miligramu 14 kwa saa. Kama ungeendelea na kasi hiyo hiyo, kafeini yote ingeisha baada ya saa saba na dakika chache, saa kumi na moja alfajiri ungekuwa mweupe kabisa. Haiwi hivyo, kwa sababu kasi inategemea kilichobaki: zikibaki 50, mwili unaondoa 7 kwa saa, zikibaki 25, tatu na nusu. Kinachopungua kinapunguza pia kasi ya kupungua kwake. Sentensi hiyo ndiyo kalkulasi. Ukiiandika kwa alama unapata mlinganyo wenye kasi ya badiliko upande mmoja na kiasi chenyewe upande wa pili, na ukiufumbua inatokea ile e yenye kipeo hasi ambayo kwenye BAM uliikariri bila kuambiwa imetoka wapi.

Kuna na upande wa pili wa shilingi. Ukichora grafu ya dawa damuni kwa saa, eneo lililo chini ya mstari, ambalo hupatikana kwa intigresheni, linakuambia mwili umekutana na dawa kwa kiasi gani kwa jumla. Jambo hili liko hospitalini kila siku. Mwongozo wa mwaka 2020 wa wataalamu wa Marekani kuhusu vankomaisini, antibiotiki inayotumika kwa maambukizi mazito ya bakteria sugu, unataka dozi ipangwe kwa kutazama eneo hilo, lengo likiwa kati ya 400 na 600 kwa saa 24, badala ya kutegemea kipimo kimoja kabla ya dozi inayofuata kama ilivyozoeleka. Likizidi, figo ziko hatarini. Likipungua, bakteria wanapona wao, mgonjwa haponi.

Na nikuchekeshe kidogo. Mwaka 1994 jarida la Diabetes Care lilichapisha makala ya mtafiti aliyetangaza njia mpya ya kupata eneo chini ya grafu ya sukari: unagawanya grafu vipande, kila kipande unakifanya trapeza, unajumlisha. Hiyo ni kanuni ya trapeza, ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne Kenya hukutana nayo kwenye silabasi ya KCSE. Wasomaji waliandika barua kwa jarida kusema kitu hiki tunakijua zamani. Sikusimulii ili umcheke mtu. Huyo alikuwa na tatizo la kweli la kitabibu na alihitaji kalkulasi, lakini hakujua kwamba anachokihitaji kina jina.

Sasa turudi kwenye zile kozi tatu, tukiwa na kikombe chetu mkononi.

Kalkulasi fupi itakupa fomula ya kikombe na kukuonyesha namna ya kuitumia. Utajifunza kanuni za kupata kasi ya badiliko, intigresheni nyepesi, faida ya juu kabisa ya kampuni na mambo kama hayo. Mara nyingi trigonometria haimo, au imo kwa harufu tu. Kwa mtu ambaye digrii yake inataka kozi moja ya kalkulasi basi, inatosha na sina neno.

Kalkulasi ya sayansi za uhai inaanza na kikombe chenyewe. Inakuuliza: ukinywa kikombe kila baada ya saa sita, kafeini damuni itatulia kwenye kiwango gani? Mlinganyo wa kasi, ambao kwa wengine ni mgeni wa mwisho wa mwaka, hapa ni mwenyeji. Ukuaji wa bakteria, ueneaji wa ugonjwa, wawindaji na windo, vyote vinapitia hapo. UCLA ina kozi za LS 30A na 30B zilizojengwa hivyo, na ndani yake mwanafunzi anaandika na programu za kompyuta. Berkeley imekuwa na MATH 10A na 10B, zilizochanganya kalkulasi na takwimu na uwezekano. Hapo jirani yako, University of Minnesota inazo zote tatu zimesimama mstari mmoja: MATH 1142 ndiyo fupi, MATH 1241 ya biolojia, MATH 1271 ndiyo kuu.

Kalkulasi kuu nayo inachukua njia ndefu. Wiki za kwanza unahangaika na limiti, unaeleza nini hasa maana ya kukaribia. Halafu kasi ya badiliko ya kila aina ya funksheni, sin na cos zikiwemo, halafu maswali ya ngazi inayoteleza ukutani na tangi linalovuja, halafu mlango wa intigresheni. Mlinganyo wa kasi wa kikombe chetu mara nyingi unauona kwa kupita tu, au unasubiri Kalkulasi ya Pili. Binamu hawezi kukuambia hili kwa sababu hajaiona ile nyingine: kwa mambo ya dawa mwilini, kozi anayoiita ya wavivu mara nyingi inafika mbali zaidi kuliko muhula wa kwanza wa ile yake.

Kwa nini basi nisikupeleke moja kwa moja kwenye ya sayansi za uhai? Kwa sababu ya kinachofuata. Kozi ya kalkulasi usiitazame peke yake, tazama ni ipi inayoidai nyuma yake. Biokemia katika vyuo vingi inadai kemia ya kifizikia mwaka wa tatu, na hiyo inadai Kalkulasi ya Pili, wakati mwingine na ya Tatu. Fizikia ipo ya aina mbili: inayotumia aljebra, ambayo kwa kawaida vyuo vya udaktari vinaipokea bila shida, na inayotumia kalkulasi, ambayo digrii nyingi za kemia na biokemia zinaitaka. Ukitoka kalkulasi kuu, milango hiyo yote unaingia. Ukitoka ya sayansi za uhai, inategemea chuo: vingine vinakuruhusu kwenda ya Pili, vingine vinakurudisha uanze kuu upya. Ukitoka ile fupi, karibu kila mahali utaanza upya.

Mshauri aliyekuambia zote zinahesabika hakukudanganya. Zote zinahesabika kama krediti. Hukumuuliza, na yeye hakukuambia, kama zote zinafungua kozi zinazofuata. Kuchukua kozi kwa jina lake tu ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Rudi kwake na sentensi moja: "Nikimaliza hii kwa C au zaidi, naruhusiwa kuingia kozi zipi za hisabati, fizikia na kemia?" Aifungue katalogi mbele yako, msome pamoja mstari wa masharti ya awali.

Hili linagusa na njia nyingine unazoweza kugeukia, maana miaka ya ujana inageuza watu. Ukija kupenda famasia, vyuo vingi vya PharmD vinataka kalkulasi kwa jina. Ukielekea uinjinia wa tiba au utafiti wa kutengeneza modeli za magonjwa, hakuna njia ya mkato, ni kalkulasi kuu na nduguze wote. Uuguzi kwa kawaida unataka takwimu tu. Na takwimu, nisisitize, usiiache hata ukichukua kalkulasi gani. Daktari atasoma makala za utafiti maisha yake yote, na kila makala itamwekea jedwali la uwezekano mbele ya macho.

Sasa lile zito: Prekalkulasi. Mwambie mama, kwa heshima zote, kwamba nimefundisha BAM nyumbani na nimefundisha kalkulasi huku, na sijawahi kuona mwanafunzi aliyeshindwa kalkulasi kwa sababu ya kalkulasi. Wanaanguka kwenye aljebra.

Nikuonyeshe ninachokiona kwenye karatasi. Swali linasema tafuta kasi ya badiliko ya 1/√x. Kanuni ni rahisi mno: shusha kipeo mbele, punguza moja. Mwanafunzi anaijua, anaweza kukuimbia. Lakini kalamu inasimama, kwa sababu hajui kwamba 1/√x ni x yenye kipeo cha hasi nusu. Akikisia, anaandika nusu bila hasi. Kutoka hapo kila mstari ni sahihi kwa kanuni na ni makosa kwa jibu. Nasahihisha, nampa alama moja kati ya tano, na anaondoka akisema kalkulasi ni ngumu. Kalkulasi aliifanya vizuri, kilichomwangusha ni somo la kidato cha pili.

Na sikulaumu kwa ile D. Nakumbuka tulivyokuwa tukiichukulia BAM kwenye shule za PCB: mgeni wa jioni. Vipindi vichache, mwalimu mmoja kwa mikondo yote, na kila mtu anajua kwamba kitakachokupeleka chuo cha udaktari cha Muhimbili ni Biolojia, Kemia na Fizikia. Mada zilikuwemo, difrensiesheni na intigresheni zimo kwenye silabasi, lakini tulizipita kwa mbio za kukariri. Ukijumlisha na mwaka mmoja wa kuhama bila kushika kitabu, pointi tatu ulizopungukiwa naziona chache.

Una njia mbili hapo. Moja ni kurudia mtihani wa kupangiwa darasa. Vyuo vingi vinaruhusu, hasa ukishafanya mazoezi ya mtandaoni yanayoambatana na mtihani wenyewe. Kama zimebaki wiki tano kabla ya Agosti na unaweza kutenga saa moja na nusu kwa siku, jaribu. Lakini iwe kwa kujifunza. Nimewahi kuona mwanafunzi aliyeufanya nyumbani kaka yake akiwa pembeni, akapata alama za kutisha. Oktoba alikuwa ofisini kwangu analia, maana kaka hakuja naye kwenye mtihani wa katikati ya muhula.

Njia ya pili ni kuikubali Prekalkulasi. Gharama yake ni ya kweli, sitakuficha: krediti tatu au nne za ada, na mara nyingi haihesabiki kwenye sharti la hisabati la digrii ya sayansi. Kwa mtu wa Biokemia pia inasogeza ratiba, ingawa haiivunji. Prekalkulasi muhula huu, Kalkulasi ya Kwanza Januari, ya Pili mwaka wa pili pamoja na fizikia, kemia ya kifizikia mwaka wa tatu. Inaingia. Ukitaka kuokoa hela, zipo kozi za kiangazi kwenye vyuo vya jamii, lakini pata kwanza maandishi ya chuo chako kwamba watazipokea, na ujue alama zake zitaonekana kwenye maombi ya udaktari kama nyingine zote.

Gharama ya kuruka nayo tuihesabu, maana wengi hawaihesabu. Chukua muhula wa krediti 15, kalkulasi ikiwa na krediti 4, na kwingine kote umepata A. Ukipata B kwenye kalkulasi, GPA yako, yaani wastani wa alama A ikiwa 4, ni 3.73. Ukipata C, ni 3.47. Si msiba, ni muhula wa kwanza na mbele kuna mingi. Lakini AMCAS, mfumo ambao vyuo vingi vya udaktari vya MD hupokelea maombi, unakokotoa pia GPA ya peke yake ya biolojia, kemia, fizikia na hisabati. Hiyo C inakaa humo ndani.

Na hapa kuna uongo mmoja unaozunguka sana kwenye vikundi vya wanafunzi: kwamba ukirudia kozi, alama ya zamani inafutwa. Chuo chako kinaweza kuifuta kwenye hesabu zake. AMCAS haifuti. Inahesabu mara zote ulizokaa kwenye kozi hiyo. F ya kwanza na A ya pili vinaingia vyote viwili. Kwa hiyo kurudi nyuma hatua moja kabla ya kuanza hakuharibu GPA, ila kuanguka na kurudia kunaonekana miaka minne baadaye.

Kujiondoa kwenye kozi nako kuna hesabu zake. Ukitoka wiki za kwanza za kuongeza na kupunguza kozi, hakuna alama yoyote. Ukitoka baadaye unapata W, ambayo haiingii kwenye GPA lakini inaonekana kwenye nakala ya matokeo. W moja haimzuii mtu udaktari. Lakini kama una msaada wa fedha wa serikali, wanatazama umemaliza sehemu gani ya krediti ulizoanza, kwa kawaida si chini ya theluthi mbili, na ukishuka chini ya krediti 12 unaacha kuwa mwanafunzi wa muda wote. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kujiondoa, pita ofisi ya msaada wa fedha kwanza. Wasomaji wengine mlioko kwa viza ya mwanafunzi, ninyi pitieni ofisi ya wanafunzi wa kimataifa hata kabla ya hapo, kwani krediti 12 kwenu ni suala la viza. Na mjue mapema pia kwamba vyuo vingi vya udaktari vya Marekani havipokei waombaji ambao si raia wala wakaazi wa kudumu. Huyu mwenzenu hana shida hiyo.

Nirudi kwako, kwenye jambo uliloliweka mwisho kama nyongeza, nami naona lingekuwa la kwanza: saa 24 za kazi ya usiku. Kalkulasi ya krediti nne inakula saa nne darasani na saa nane hadi kumi nje yake, kila wiki, na haipendi kurundikwa Jumapili. Kemia ya mwaka wa kwanza ina maabara juu yake. Biolojia vivyo hivyo. Weka hizo na kazi kwenye karatasi, Jumatatu hadi Jumapili, uweke na usingizi. Nakuambia kwa sababu nawajua wengi kwenye jumuiya yetu wanaotoka zamu saa moja asubuhi na kuingia darasani saa mbili, na wanasinzia kwenye mstari wa tatu wa ubao. Kama zamu zinaweza kuhamia Ijumaa na Jumamosi usiku, zihamishe. Kama haziwezi, basi muhula huu chukua Prekalkulasi na kemia, Biolojia iende Januari, ujaze na kozi nyepesi ya sharti la jumla. Na kutunza wazee, mwanangu, usikuone kama kizuizi kitupu. Vyuo vya udaktari vinataka kuona umekaa karibu na wagonjwa. Wewe unawageuza kitandani saa nane usiku.

Kuna mambo ambayo barua haiyawezi. Nenda uonane ana kwa ana na mshauri wa wanafunzi wa afya, vyuo vingi vinaye, tofauti na yule wa jumla uliyekaa naye dakika kumi. Beba matokeo ya mtihani wa kupangiwa darasa, ratiba yako ya kazi, na mipango ya digrii zote mbili. Idara ya hisabati pia ina mtu anayeshughulikia upangaji wa wanafunzi, na pointi tatu ni jambo analoweza kulizungumza. Kama ukikaa mbele ya hesabu moyo unaenda mbio, mikono inatoka jasho na unachokijua kinayeyuka, usiseme ni uvivu wala usisubiri Novemba. Onana na ofisi ya ushauri nasaha. Kama namba zimekusumbua tangu darasa la tatu hata ukisoma kwa bidii, iko ofisi ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu, wanaweza kukuelekeza kwenye vipimo na kukupa muda wa ziada kwenye mtihani. Na muhula ukianza, wiki ya pili, kabla hujakwama, pita kwa mhadhiri saa zake za mashauriano. Kwetu tulizoea kwamba anayeitwa ofisini kwa mwalimu ana kesi. Huku ni kinyume, mlango upo wazi na wengi hawaji.

Ukichukua kalkulasi kuu Januari na ukaona wiki ya tatu inakuzidi, usife na tai shingoni kwa ajili ya binamu. Uliza siku hiyo hiyo kama unaweza kuhamia ya sayansi za uhai, vyuo vingine vinaruhusu mwanzoni mwa muhula.

Mwisho, kabla hujaandika jina popote, kaa usiku mmoja usio na zamu, zima simu, weka kikokotoo mbali, fanya haya kwa dakika ishirini. Kwanza, andika 1/√x kama x yenye kipeo kimoja. Pili, rahisisha (x² − 9)/(x − 3), useme x haiwezi kuwa namba gani. Tatu, 80 mara e yenye kipeo cha −0.2t ni sawa na 20. Tafuta t, uiache kwenye logarithimu asilia. Nne, sema sin ya digrii 30, useme digrii 180 ni radiani ngapi, kisha chora sin x kutoka 0 hadi 2π. Tano, kama f(x) = x² + 1, rahisisha f(x + h) toa f(x), vyote vigawanywe kwa h. Ukipata manne kwa uhakika, rudia mtihani wa chuo. Ukipata mawili au matatu, Prekalkulasi ndiyo ya kwako. Majibu: x yenye kipeo −½; x + 3, na x isiwe 3; t = 5 ln 4; nusu, π, na grafu inayopanda hadi 1, ishuke hadi −1 na kurudi sifuri; la mwisho ni 2x + h.